Skuli haina mtandao, mwalimu anao: namna ya kutumia zana za mtandaoni darasani

Siku ya kwanza niliyojaribu kufundisha kwa mtandao nilidhalilika. Projekta ya kuazima nimeipakata mapajani kwenye gari ya Chake tokea alfajiri. Video ya mzunguko wa damu nimeshaitazama nyumbani usiku wa jana yake, nzuri kabisa. Kidato cha pili, wanafunzi sabini na kitu, kanga zimetundikwa madirishani kuzuia jua. Nikabonyeza. Kile kiduara kikazunguka. Kikazunguka. Kijana mmoja wa nyuma akasema kwa sauti ya chini, "Maalim, damu imeganda." Darasa zima likaangua kicheko, nami nikachukua chaki nikachora moyo ubaoni.

Nilikuwa nimebeba bahari kwenda nayo sokoni. Mvuvi anakesha huko majini, lakini asubuhi anachopeleka ni mtungo wa samaki. Tokea siku ile sifungui kitu darasani ambacho sijakishusha usiku na kukijaribu data ikiwa imezimwa. Ninayoyaandika hapa ni ya mwalimu wa Pemba au Unguja mwenye simu ya tachi, bando la wiki, na pengine laptopu moja ya skuli inayogombaniwa na walimu kumi na tano.

Hatua ya kwanza: anza na mada inayokushinda

Makundi ya walimu ya WhatsApp yamejaa orodha za "programu 50 za mwalimu wa kisasa". Ziwache. Anayeanza na orodha huishia kufungua akaunti kumi na kusahau nywila kumi. Chukua azimio lako la kazi, utie alama kwenye mada ambazo kila mwaka unazifundisha, kila mwaka wanafunzi wanaitikia kwamba wamefahamu, na kila mwaka mtihani unakuja kukwambia vyengine.

Kwa kidato cha nne na cha sita nusu ya kazi hii imeshafanywa. Baraza la Mitihani la Tanzania huweka kwenye tovuti yake, necta.go.tz, taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo na swali kwa swali: wangapi walipata, wangapi walikosa, walikosea wapi, na sampuli za majibu kwa mwandiko wa watahiniwa wenyewe, mazuri na mabovu. Haina muziki wala rangi za kuvutia, lakini kama ningeambiwa nibaki na kitu kimoja tu cha mtandaoni, ningebaki na hiyo. Soma ya somo lako kabla hujashusha programu yoyote. Kwa madarasa ya chini, tumia karatasi ulizozisahihisha mwenyewe. Ukiona watoto ishirini wamekosea kwa namna moja, mada yako umeipata.

Chagua moja tu kwa muhula. Ya kwangu ya kwanza ilikuwa umeme. Wanafunzi wangu waliamini kwamba balbu zikipangwa mfuatano, ya kwanza inashiba mkondo na ya pili inapata makombo. Nilikuwa nimeshawaambia mara ngapi kwamba mkondo ni uleule kote? Waliandika, wakakariri, na hawakuamini.

Hatua ya pili: vua usiku

Ukishajua unatafuta nini, mahali pa kutafuta si pengi.

Kwa sayansi anzia PhET, phet.colorado.edu. Ni majaribio ya maabara unayoyachezea kwenye skrini, yanayotengenezwa na Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Aliyeyaanzisha mwaka 2002 ni Carl Wieman, mwanafizikia aliyepata tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia. Hayalipiwi na hayataki akaunti. Unachukua betri, waya, balbu na swichi, unaunganisha, na chembe za umeme unaziona zikitembea kwenye waya. Ukizidisha mkondo, betri inashika moto, jambo ambalo maabara yetu ya kweli hairuhusu na wanafunzi wanalipenda kuliko yote. Kwa kosa la wanangu la balbu mbili, jaribio hili lilifanya kwa dakika tano kazi iliyonishinda miaka minne: waliziona chembe zikipita balbu ya kwanza na ya pili kwa mwendo mmoja, hakuna iliyobaki njiani.

Baadhi ya majaribio hayo yametafsiriwa kwa Kiswahili, na hapa nina ushauri ambao sijausikia kwengine. Sera ya elimu ya 2006 ilitaka hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, kwa hiyo mtoto wetu anabeba dhana na lugha kwa pamoja, na mara nyingi hujui amedondosha upi kati ya mizigo hiyo miwili. Shusha jaribio lilelile kwa lugha zote mbili. Siku ya kwanza wachezee la Kiswahili na wabishane kwa Kiswahili chao cha Pemba. Siku ya pili fungua la Kiingereza. Utashangaa maneno mangapi wanayabashiri wenyewe, kwa sababu kitu chenyewe wameshakijua.

Kwa hisabati kuna GeoGebra, iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter wa Austria mwaka 2001. Ukishaiweka kwenye simu haidai mtandao. Andika mlinganyo wa parabola, badilisha namba kwa kidole, na mchoro unapanuka au kugeuka chini juu mbele ya macho yao.

Kwa walimu wa darasa la kwanza hadi la nne kuna African Storybook, hadithi fupi zenye picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Leseni yake inaruhusu kuchapa na hata kubadilisha maneno. Badilisha bila ya aibu. Mtoto wa Micheweni akikutana na "shule" mahali alipotarajia "skuli" hataumia, lakini hadithi ikimtaja mjomba anayekwenda kuchuma karafuu itasomwa mara tatu. Kuchapa hadithi moja stesheneri si gharama kubwa, na karatasi haimalizi chaji.

Vitabu vya kiada vimo kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ol.tie.go.tz. Kwa sekondari vinatufaa. Kwa msingi uwe na hadhari: mtaala wetu wa msingi unatoka Taasisi ya Elimu Zanzibar, na mpangilio wa mada haufanani na wa Bara. Usije ukafundisha kitu kizuri cha darasa la mwenzako.

Na kwa skuli isiyo na maktaba, Kiwix, programu ya kusomea tovuti bila ya mtandao. Hii nitairudia.

Hatua ya tatu: shusha, halafu zima data

Nachukua mfano wa PhET kwenye laptopu, kwa sababu ndiyo rahisi:

1. Fungua ukurasa wa jaribio, shuka hadi kwenye orodha ya lugha, uchague Kiswahili.
2. Bonyeza alama ya kushusha, ile ya mshale unaoelekea chini. Faili linalokuja ni moja tu, la megabaiti chache.
3. Lipe jina utakalolikumbuka na ulitie kwenye folda ya mada, si kwenye folda ya jumla ambayo imeshajaa picha za harusi.
4. Zima data. Zima na Wi-Fi. Bonyeza faili mara mbili. Likifunguka na kucheza, ni lako.
5. Liweke pia kwenye fleshi, kwa sababu laptopu ya skuli siku hiyo itakuwa kwa mwalimu mkuu.

Hatua ya nne katika orodha hii ndiyo walimu wanairuka. Video iliyoonekana jana kwenye simu haimaanishi imehifadhiwa, simu inaweza kuwa imekumbuka picha ya mwanzo tu. Mimi sasa najaribu nikiwa nimeiweka simu kwenye hali ya ndege. Ikikataa hapo, haiendi skuli. Kwa video, ubora wa 360 unatosha kabisa kuonesha ukutani na unakubakishia bando.

Sasa Kiwix. Ni programu ya bure inayosoma mafaili makubwa yaliyobeba tovuti nzima. Wikipedia yote ya Kiswahili inaingia kwenye kadi ya memori ya kawaida. Ile ya Kiingereza pamoja na picha zake ni zaidi ya gigabaiti 100, hiyo iombe kwa mtu wa mjini mwenye mtandao wa ofisini. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba Kiwix inaweza kugawa ilichonacho: unawasha hotispoti ya simu yako bila ya data, wenye simu au tableti wanaunganisha, wanafungua anuani unayowapa, na wote wanasoma kutoka kwenye simu yako. Hakuna bando linalokatwa. Mara ya kwanza nilipowaonesha wenzangu kwenye chumba cha walimu, mmoja alitazama salio lake mara mbili.

Skuli yenye kompyuta kadhaa itazame Kolibri, ya shirika la Learning Equality. Kompyuta moja inakuwa ghala, nyengine zinachota kwayo. Humo unaweza kutia masomo ya Khan Academy, hadithi za African Storybook na PhET yenyewe. Inataka mtu mmoja wa kuisimamia. Bila ya mtu huyo itakuwa kama ile pampu ya kisima ambayo fundi wake amehama.

Hatua ya nne: tayarisha chumba

Waliokuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 wanajua kisiwa kizima kinavyokaa bila ya umeme, na sisi wa Pemba tuliutegemea mtambo wa Wesha hadi waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipofika mwaka 2010. Kwa hiyo umeme usiuchukulie kuwa haki yako ya kipindi cha tatu. Chaji laptopu usiku. Projekta haiendeshwi na pawabenki, laptopu ya kawaida inakwenda saa mbili kwa betri yake, basi uwe na mpango wa pili wa kuonesha kwenye skrini ya laptopu yenyewe kwa vikundi.

Shuka jeupe lililopigwa pasi linafanya kazi ya skrini. Madirisha yazibe kwa kanga mbilimbili, moja haitoshi. Spika za laptopu hazisikiki zaidi ya dawati la tatu, azima spika ya madrasa.

Kabla ya kuwasha chochote, andika swali ubaoni na uwatake wabashiri: balbu ipi itawaka zaidi? Wanyooshe mikono, hesabu, andika idadi. Hapo ndipo uonyeshe. Bila ya kubashiri, wanafunzi sabini mbele ya skrini ni watazamaji wa sinema tu, na kipindi kikimalizika watakwambia imependeza. Wale waliobashiri vibaya ndio wanaosogea mbele kutaka irudiwe.

Hatua ya tano: tumia wanachokijua nyumbani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu somo lililonitokea vizuri kuliko yote halikuwa la umeme bali la kujaa na kupwa kwa maji.

Wiki moja kabla niliwapa kazi ya nyumbani: waulize wazee bamvua lijalo, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, ni siku gani, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, ni siku gani. Pwani yetu swali hilo halina nyumba isiyo na jibu. Kilimo cha mwani kimekuwepo Zanzibar tokea 1989, na kinamama wanaolima wanajua saa ya kushuka shambani kuliko mwalimu wa jiografia. Watoto walirudi na tarehe za mwezi wa Kiislamu: bamvua mwezi ukiandama na mwezi ukiwa kumi na tano, maji mafu katikati yake.

Usiku nilitafuta mtandaoni jedwali la maji la Zanzibar la siku 30. Yapo ya bure, yanatoa saa na urefu wa maji kwa mita. Nikapiga picha skrini, nikanakili namba kwenye daftari. Darasani kila kikundi kilipewa siku tatu, kikachora kwenye karatasi ya grafu, kisha tukaziunganisha karatasi zote kwa gundi ukutani. Likatoka wimbi refu kutoka mlangoni hadi dirishani, linapanda, linakonda, linapanda tena. Sikuwa nimewasha kitu bado.

Wakapima wenyewe: kati ya maji kujaa na kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25, ndiyo maana kila siku yanachelewa karibu dakika 50. Wakaona kwamba kwenye bamvua tofauti ya kujaa na kupwa inakaribia mita 4, na kwenye maji mafu inapungua mno. Hapo ndipo nikafungua Stellarium, programu ya bure inayoonesha anga ya mahali popote na tarehe yoyote, nayo haihitaji mtandao ukishaiweka. Nikaandika Chake Chake, nikapeleka tarehe mbele siku kwa siku, wao wakitazama mwezi kwenye shuka na wimbi ukutani. Jua, mwezi na dunia vikiwa kwenye mstari mmoja, maji yanavutwa kwa pamoja. Vikikaa pembe mraba, yanapungua nguvu.

Msichana mmoja akapinga. Akasema mama yake hendi shambani siku ya mwezi kumi na tano yenyewe, anangoja siku moja au mbili, ndipo maji yanapotoka sawasawa. Tukarudi ukutani kutazama. Alikuwa kweli: kilele cha bamvua kilikuwa kimechelewa nyuma ya mwezi mpevu. Jambo hilo wanasayansi wanalijua, bahari haiitiki wito papo hapo, lakini mimi sikuwa nimeliandika kwenye andalio la somo.

Mwalimu wa jiografia anaweza kufanya hivyo hivyo kwa ramani. Mwaka 2016 ulianza mradi wa kuvipiga picha visiwa vyetu kwa droni, na majengo mengi ya shehia zetu yamo kwenye OpenStreetMap, ramani ya wazi ambayo yeyote anaweza kuitumia. Shusha Organic Maps, programu ya ramani isiyodai mtandao, ushushe na ramani yenye Zanzibar ndani yake, kisha waache watafute skuli yao wenyewe na wapime umbali hadi bandarini. Njia ya mkato inayokosekana kwenye ramani watakuonesha wao.

Hatua ya sita: jua nani amefahamu

Kahoot, mchezo wa maswali ya mtandaoni, ni nzuri lakini inataka kifaa kwa kila mwanafunzi au kila kikundi. Wafaidi wanafunzi wa vyuo. Kwetu naipenda Plickers, kwa sababu simu ni ya mwalimu peke yake. Kila mwanafunzi anashika kadi ya karatasi yenye mchoro mweusi. Kadi ina pande nne, A, B, C na D, naye anainua upande wa jibu lake ukiwa juu. Unapitisha kamera ya simu darasani kama unayerikodi harusi, na majibu yanajihesabu. Jirani hawezi kuibia, michoro haifanani na herufi ni ndogo.

Kadi ziko hadi 63. Ukiwa na wanafunzi wengi zaidi, kadi moja kwa wawili, na ubishi wao kabla ya kuinua ni faida. Zichape kwenye karatasi ngumu, usizitie plastiki inayong'ara kwa sababu mwanga unarudi na kamera haisomi. Nililipia plastiki ya kadi 60 kabla ya kulijua hilo. Inahitaji mtandao kidogo, kwa hiyo siku ukikosekana, tumia vidole: kimoja kwa A, viwili kwa B, vimewekwa kifuani ili jirani asione. Zana hii haijawahi kunikatikia.

Mambo matatu ya hadhari

Akili mnemba natumia, sikatai. Inanipa maswali kumi ya mazoezi kwa dakika moja na inanirahisishia maelezo. Lakini programu moja iliwahi kuniandikia, kwa Kiswahili safi na bila ya kusita, kwamba msitu wa Ngezi uko Unguja, nao uko kwetu Pemba, jirani na Konde. Swali lile lingefika mikononi mwa watoto wa Konde nisingepata pa kuuficha uso. Kila inachotoa kisome kama unavyosahihisha kazi ya mwanafunzi hodari asiyefanya marejeo. Hesabu zake zifanye upya kwa mkono.

Picha na majina ya wanafunzi usiyatie mtandaoni. Usiandike jina kamili la mtoto na alama zake kwenye programu ya nje, namba ya darasani inatosha. Na kundi la WhatsApp la wazazi liwe la matangazo, matokeo ya mtoto mmoja mpelekee mzazi wake faragha.

La tatu ni fleshi. Zinapita laptopu ya skuli, stesheneri na kompyuta ya jamaa, na virusi vinasafiri nazo. Zikague kabla ya kufungua, na uwe na nakala ya pili nyumbani. Ukienda kwenye mafunzo kituo cha walimu, Michakaeni au popote ulipo karibu, nenda na kadi ya memori tupu yenye nafasi, maana hapo ndipo utakapomkuta mwenzako aliyeshavua usichonacho wewe. Mpe na yeye chako. Andika jina lako juu ya fleshi kwa kalamu ya maka kabla ya kuiazimisha. Zangu mbili hazijarudi.